Baba, Walinificha Mpaka Nimalize Mtihani

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila sijawahi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia na sijui njia nyingine ya kuanza.

Niko nyumbani Mjimwema, nimekaa uani. Ni ile baridi yetu ya Songea ya katikati ya mwaka, ya kushika kikombe kwa mikono miwili. Kesho nasafiri, narudi chuoni Uturuki. Likizo imekwisha na sijakuambia lolote. Kaburini nimekwenda mara nyingi, lakini nikifika maneno yananikauka. Nang'oa majani, nasimama kidogo, narudi. Kwa hiyo nimeona niandike.

Kibanda chako cha sokoni amekipanga mama mmoja anayeuza vitenge. Cherehani tumeileta nyumbani, iko sebuleni, na Mama ameifunika kitambaa cha mezani. Wateja bado wanakuja. Juzi alikuja baba mmoja na suruali ya sare ya mwanawe, hakuwa na habari. Kaka Fidelis alipomwambia, alikaa kwenye ngazi na suruali ile mapajani, akasema, "Sasa nani atanipunguzia?" Halafu akaona aibu kwa alichosema. Mimi sikumlaumu, kwa sababu hata mimi nilikuwa najiuliza maswali ya namna hiyo hiyo.

Baba, unakumbuka ni wewe uliyelisikia lile tangazo redioni? Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, chuo nimepata, mkopo nimekosa, nashinda kibandani kwako nakushonea vifungo. Ulizima cherehani ukasema kuna nchi inasomesha watoto wa watu bila ada. Mama akauliza bure ipo wapi siku hizi. Wewe ukajibu, "Tukaulize. Kuuliza hakukatwi kodi." Kesho yake ulivaa koti lako la Jumapili, tukaenda steshenari ya mjini kujaza maombi. Mtandao ulikatika tukasubiri, ukarudi tukaanza upya, na wewe umekaa wima karibu yangu kama uko kwenye usaili. Yule dada wa kompyuta alikuuliza kama na wewe unaomba. Ukasema, "Mimi namsindikiza."

Jibu lilipokuja, Mama alilia jikoni na wewe ukaenda mitumbani kutafuta mablanketi. Hukuwahi kuona theluji maishani, lakini ulinishonea koti la theluji. Ndani blanketi, nje kitambaa kizito cha bluu, mifuko minne. Lilikuwa zito, Baba. Uwanja wa ndege wa Dar nililivaa ili lisiongeze kilo kwenye begi, nikatoka jasho mpaka watu wakadhani naumwa. Ila baridi ilipokuja kule Trabzon, kwenye mji wa chuo, wenzangu walihangaika madukani kutafuta makoti, mimi nikapita kati ya theluji mikono mfukoni. Siku moja sokoni bibi mmoja alinishika mkono wa koti, akaligeuza na kutazama mishono kwa ndani. Aliniuliza jambo ambalo sikulielewa, nikajibu kwa neno lao moja nililokuwa nalijua, ambalo kwao na kwetu ni lile lile: "Baba." Akainamisha kichwa kwa heshima. Nilikusimulia hilo kwa simu Jumapili ile ile, nawe ukaniambia nirudie tangu mwanzo.

Jumapili zetu, Baba. Ulikuwa unatoka misa, unakaa, unaniuliza nimeona nini wiki hiyo. Hukuniuliza kwanza kuhusu masomo. Ulisema masomo ni ya mwalimu kuuliza. Nilikuambia nilivyopanda basi dogo la kwenda kijiji nisichokijua kwa sababu nilisoma kibao vibaya, nikashuka mlimani kwenye harusi ya watu, wakanilisha na kunichezesha, kisha wakanirudisha mjini na gari la maharusi. Ulicheka mpaka ukakohoa. Uliniuliza kama Bahari Nyeusi ni nyeusi kweli. Nikakuambia hapana, ni kama Ziwa Nyasa siku ya mawingu, na wewe ukasema, "Basi naijua," kwa sababu Mbamba Bay uliwahi kufika. Hivyo ndivyo nilivyosafiri. Ufadhili ulinilipia ada na bweni, chakula tulipika kwa zamu na wenzangu, na kila nilichokiona cha bure nilikiweka pembeni nije nikupe Jumapili.

Mwezi wa tano Elif, mwenzangu wa chumba, alinichukua kwao mwisho wa wiki. Wanalima chai kwenye miteremko ambayo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Baba, wale watu wanavuna chai kwa mkasi! Ni mkasi mkubwa, na umeshonewa mfuko wa kitambaa ubavuni. Ukikata, majani yanaingia mfukoni yenyewe. Nilipouona tu nilikufikiria wewe. Niliukagua ule mshono, ulikuwa mbovu, uzi mwembamba, na nilijua utasema wewe ungeufanya vizuri zaidi. Wiki ile sikukupata hewani. Fidelis aliandika kwamba koo limekubana, sauti imekauka, lakini unasikiliza. Basi nikakutumia ujumbe wa sauti. Nikauchezesha mkasi karibu na simu ili usikie unavyolia. Nikacheka. Nikasema, "Baba, ukipona nitafutie kitambaa cha turubai, hawa watu tuwafungulie biashara."

Ulikuwa umeshazikwa.

Nimeandika sentensi hiyo nikaweka kalamu chini. Niliinuka nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Nilituma ujumbe mwingine baada ya huo. Nilikuambia habari za mvua, za mwalimu mmoja anayefundisha amefumba macho, za hofu yangu ya mitihani. Fidelis alinijibu, "Mzee anasema soma." Nikasoma. Nilitoka kwenye mtihani wa mwisho nina njaa na furaha, nikaiona namba yake inaita. Akaniuliza kama nimemaliza kabisa. Nikasema kabisa. Akaniuliza kama nimekaa. Nikamtania, nikamwambia niko kwenye ngazi za chuo kama malkia. Akasema, "Skola, mzee ametutoka." Nikauliza lini. Nikauliza tena lini, Fidelis, lini, na watu waliokuwa wakipita wakasimama.

Kiharusi, alisema. Mwezi uliopita. Hospitali, kisha makaburini.

Elif alinikuta palepale. Hakujua Kiswahili lakini alijua. Nadhani kilio hakina lugha. Alinipeleka kwao, na bibi yake, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha maua kichwani, alikwenda moja kwa moja jikoni. Alibandika sufuria, akayeyusha siagi, akatia unga na kuanza kuukoroga polepole mpaka ukawa wa kahawia na nyumba nzima ikanukia. Elif akaniambia kwao mtu akifa hupikwa halua, na anayeikoroga humwombea marehemu. Bibi aliniuliza jina lako. Nikalitaja. Akalitamka vibaya, akarudia, akalipata. Kisha akanipa mwiko na mimi nikakoroga. Baba, mwanamke wa Kiislamu ambaye hajui Songea iko upande gani wa dunia alikuombea kwa jina lako, na majirani wakala kwa ajili yako. Hicho ndicho kitu cha mwisho nilichokiona kule, na sikuwa na wa kumsimulia.

Akiba niliyokuwa naitunza kwa ajili ya kutembea miji mingine niliikatia tiketi. Nilifika nyumbani ikiwa imebaki kidogo tufanye arobaini. Watu walinipokea kwa kilio, na mimi nikalia, lakini ndani nilikuwa na hasira iliyosimama wima kama mti. Nilimuuliza Mama kwa nini. Akasema, "Baba yako ndiye aliyeagiza. Alisema usisumbuliwe mpaka umalize." Amri yako sikuwahi kuipinga ukiwa hai, ningeipingaje sasa? Tukafanya misa, tukapika, wageni wakala wakaondoka.

Siku kadhaa baadaye tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na Mama tu. Nikasema, kwa kujifariji tu, kwamba angalau ulifikiria mitihani yangu mpaka mwisho. Mama aliacha gunzi likaanguka.

"Si baba yako," alisema. "Ni mimi. Yeye alikuwa anakutaka. Sauti ilikuwa imepotea, upande mmoja umepooza, lakini jina lako alilisema. Alionyesha simu kwa mkono mzima. Nikamwambia Fidelis asipige."

Niliogopa nitakachosema. Nilichukua kanga na kutoka, nikatembea mpaka Ruhuwiko kwa Shangazi Leokadia, dada yako, nikamwambia sirudi. Shangazi aliniandalia kitanda. Ni yeye aliyenieleza yaliyotokea siku ujumbe wangu wa chai ulipoingia. Nyumba ilikuwa bado ina wafiwa wamelala chini kwenye mikeka. Fidelis aliufungua kimakosa, sauti ikiwa juu. Ikatoka ile kelele ya mkasi, halafu kicheko changu, halafu nakuita. Wanawake wakajifunika nyuso. Shangazi alisema Mama aliinuka akatoka nje, akashika nguzo ya banda la kuku, akabaki hapo mpaka walipomrudisha.

Nilikaa kwa Shangazi. Nilipanga nisiage. Nilipanga niondoke moja kwa moja kutoka Ruhuwiko mpaka stendi.

Mama akaja. Unamjua, goti lake halitaki mwendo, lakini alikuja kwa miguu. Shangazi alituachia sebule. Mama hakukaa. Alisema, "Nilikuwa kidato cha pili Peramiho babu yako alipofariki. Nikaitwa kuzika. Waliniambia nitarudi shule wiki inayofuata. Mpaka leo sijarudi." Sikulijua hilo, Baba. Wewe ulilijua? Nilidhani aliacha shule kwa sababu hakupenda.

Nikamwambia, "Ungeniambia, ningechagua mwenyewe."

"Ungechagua kuja."

"Ndiyo, ningekuja."

"Ndiyo maana."

Kisha akasema jambo ambalo nalibeba mpaka sasa: "Nimekukosea wewe na nimemkosea yeye. Na ingekuwa leo, Skola, sijui kama nisingefanya vilevile." Nilitaka aseme samahani tu, ya kawaida, niikatae au niipokee. Hakunipa hiyo. Alinipa ukweli wake wote na hofu yake yote, na nilimwona amechoka, amesimama akiegemea mguu mmoja, na ni mtu ambaye amekuuguza na kukuzika huku ananidanganya kila siku peke yake.

Nikamletea kiti.

Aliniambia mengine akiwa amekaa. Kwamba alikuonyesha picha yangu nimesimama kwenye theluji na koti lako. Kwamba ulikuwa unaigusa kwa kidole pale kwenye mfuko wa kifuani. Kwamba hakujua kama ulikuwa unanigusa mimi au unakagua mshono. Baba, tulicheka. Tulicheka huku machozi yanatutoka, na Shangazi akachungulia mlangoni akidhani tumepatwa na wazimu.

Tulirudi Mjimwema pamoja, taratibu, tukipumzika njiani kwa ajili ya goti.

Sitakudanganya kwamba imekwisha. Kuna asubuhi naamka nimemkasirikia upya, kama vile nimeambiwa jana. Kuna wakati nawaza: ningekuona. Ungeniona. Hata kama ungeshindwa kusema neno, mimi ningesema, ningekuambia lolote, ningekuimbia, ningekushikia simu mpaka usingizi ukuchukue. Hilo lilichukuliwa kutoka kwetu wawili na halirudi. Lakini pia najua kwamba ningekuja, na kwamba huenda leo ningekuwa nimekaa kule kibandani nashona vifungo, na ile nafasi ya bure uliyoitafuta na koti lako la Jumapili angekuwa nayo mtu mwingine. Yote mawili ni kweli. Nimeacha kujaribu kuchagua moja.

Kesho Mama ananisindikiza mpaka Dar. Amekataa kuishia stendi. Hajawahi kupita Njombe. Ameshafunga chakula cha watu kumi, na ameniuliza mara mbili kama ukikaa nje ya uwanja unaweza kuziona ndege zinaporuka. Nimemwambia tutatafuta mahali.

Baba yangu, nakuaga sasa, kwa sababu sikukuaga wakati ule. Asante kwa kunisindikiza. Pumzika na Mungu akulaze pema. Nitamaliza masomo, hilo usiwe na shaka nalo, na nitaendelea kwenda kwenye vijiji nisivyovijua. Kuna ahadi moja zaidi, na hii si yangu peke yangu. Jana jioni Mama alinishika mkono jikoni, tukakubaliana: yeye akiumwa ataniambia siku hiyo hiyo, nami nikiumwa nitamwambia, hata iwe asubuhi ya mtihani. Ameapa. Nami nimeapa. Katika nyumba yako, Baba, hakuna tena atakayefichwa msiba wake.

Mwanao,
Skolastika