Maua Niliyosema Yatupwe

Mama,

Jumapili ya kwanza ya Majilio imepita, ya pili imepita, na dirisha la jikoni bado halina kitu. Jengo la mbele nyota za karatasi zinawaka kwenye kila dirisha, na najua wao wakitazama huku wanaona letu liko wazi, jeusi, kama pengo la jino. Saa hizi ni saa tisa mchana na giza limeshaingia. Ungekuwepo ungenigombeza niwashe taa. Nimewasha ile ndogo ya juu ya jiko. Inatosha kuandikia.

Nikuambie kwanza ya kawaida, maana yale mengine ni mazito. Nimerudi kukaa hapa kwako Bredäng, huku huku Uswidi. Viatu vyako vya theluji vilikaa palepale mlangoni hadi leo, sikuvisogeza. Kazini kwako walinipa mfuko wa vitu vya kabati lako: sweta, mafuta ya mikono, na picha yangu ya siku niliyomaliza sekondari. Chuoni nimeomba ruhusa hadi mwezi wa kwanza. Mjomba anapiga simu kutoka Njombe kila Jumamosi kuuliza kama nakula. Namwambia nakula. Anauliza habari za theluji, namwambia ipo. Kisha anaaga haraka, kwa sababu naye analia na hataki nimsikie.

Sasa maua, Mama.

Tangu niko mdogo, stoo ile ya karibu na mlango haikuwa ya nguo wala ya mabegi. Ilikuwa ya maua yako. Kuanzia mwezi wa saba ulikuwa ukiyaleta kutoka kwenye kile kijishamba chako cha kukodi, na kuyaning'iniza kwenye fimbo, vichwa chini. Taa ya mle ndani uliichomoa kabisa ili mtu asije akaiwasha kwa kusahau. "Giza ndilo linalotunza rangi," ulisema. Kazi hiyo ulifundishwa na Bibi Gunnel, yule mzee uliyekuwa ukienda kumwogesha na kumlisha, akiwa kitandani, akikuonyesha kwa kidole tu. Siku ya kwanza ulirudi unacheka: "Leo nimefundishwa kazi na mtu asiyeweza kunyanyua kijiko."

Nilikuwa na miaka tisa nilipokuuliza kwa nini unafunga kwa vimpira, vile vya kufungia noti, na si kwa uzi. Ukanishikisha fungu moja. "Ua likikauka linasinyaa. Uzi haujui hilo, utaliangusha. Kimpira kinalifuata, kinajikaza kidogo kidogo kadiri ua linavyopungua." Nilidhani unazungumzia maua.

Na kila mwaka, siku moja kabla ya Majilio, ulitandaza magazeti juu ya meza hii na kukishusha kile chungu cha kahawia cha kuweka dirishani. Shayiri kwanza, ndefu. Kisha vile vichwa vya mbegu vinavyolia kama kayamba ukivitikisa. Kisha yale maua makavu kama karatasi, mekundu na ya njano, machache. "Usijaze, Upendo. Acha hewa ipite." Mama Furaha wa ghorofa ya tatu alikuwa hakosi siku hiyo. Aliingia bila kubisha, akaketi, akajimiminia chai yako, akaanza: "Mama Upendo, weye unafuga nyasi na mbuzi hauna!" Nawe ukamjibu kwamba Mkongo akiona jani lolote la kijani analitwanga, ndiyo maana unayakausha kwanza ili yasalimike. Kila mwaka utani uleule. Kila mwaka mlicheka kama mpya.

Halafu mwezi wa nane mwaka huu ukanipigia. "Njoo Jumamosi tufunge maua, mwanangu. Mikono yangu haina nguvu."

Nikasema, wiki ijayo, Mama.

Nilikuambia nina mtihani. Sikuwa na mtihani. Nilikuwa kitandani kwangu na kitabu kifuani, sisomi, nawaza jinsi shingo yako ilivyokuwa imekonda mara ya mwisho nilipokuona. Niliogopa kukuona. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna njia ya kuisema ikawa nzuri. Ukapiga tena, nikasema wiki ijayo. Ukapiga mara ya tatu, ukasema tu, "Haya mama, nimeyafunga. Yamefika mafungu kumi na moja. Usijali." Nilipokuja ulikuwa umeshalazwa.

Ulipofariki wanawake walijaa hapa siku ileile. Mama Furaha alilishika jiko kama lake. Walitoa makochi sebuleni ili watu wakae chini, kama inavyopasa kwenye msiba, wakatandika magodoro na mablanketi. Ile meza ya kioo ikawa haina pa kwenda. Ndipo Mama Furaha akaifungua stoo, na simu yake mkononi inamulika, akanigeukia nilipokuwa nimekaa kwenye korido.

"Mutoto yangu, hii majani yenye kukauka tuiweke wapi?"

Nilitazama, Mama. Usije ukadhani sikutazama. Niliyaona yote kumi na moja yananing'inia pale, yamefungwa na mikono isiyo na nguvu, na kila fungu lilikuwa wiki ijayo yangu. Nikasema, "Tupeni."

Hakuondoka. Aliuliza mara ya pili, taratibu, "Yote? Ni ya mama yako, unajua."

"Yote."

Wiki tatu baadaye, ndivyo ilivyo huku, tukakuzika. Theluji ya kwanza ilianguka siku chache baada ya hapo, na asubuhi hiyo niliamka nikiwa nimesahau. Si kwamba nilisahau kuwa umekufa. Nilisahau nilichosema. Niliona weupe nje, mwili ukajua ni wakati wa kushusha chungu, nikaenda nikafungua stoo. Vilikuwepo vimpira tu. Waliyavuta maua yakachomoka, vimpira vikabaki kwenye fimbo, kumi na moja, midomo wazi, havijashika kitu.

Saa hiyohiyo nikasikia sauti kwenye ngazi. Mama Furaha alikuwa anashuka na bakuli la chakula changu, pamoja na akina mama wawili wa ibada ya Kiswahili waliokuja kunijulia hali. Nikatoka. Nilipiga kelele hadi jirani Mswidi akafungua mlango wake. Nikamwambia Mama Furaha kwamba ametupa maua ya mama yangu. Nikamuuliza nani alimpa ruhusa ya kugusa vitu vya marehemu.

Na nilijua. Lile neno la kwanza lilipokuwa linatoka mdomoni nilikuwa nimeshakumbuka. Ningeweza kulimeza. Nikaendelea.

Alinitazama. Alijua kwamba najua, Mama, ilikuwa wazi usoni mwake. Angesema sentensi moja tu mbele ya wale wawili na mambo yangekwisha. Akaliweka bakuli chini, kwenye jamvi la mlangoni. Akasema, "Ni mimi. Unisamehe, mutoto yangu."

Tangu siku hiyo neno limeenea, kutoka hapa hadi mtaa wa Hallunda. Kwamba yule Mkongo aliingia kwenye msiba akatupa kumbukumbu za marehemu. Nimeambiwa na mtu mmoja kwa sauti ya kunifariji, kana kwamba ananiletea zawadi. Mama Furaha haji tena kwenye ibada ya Kiswahili. Miaka kumi na tano amekaa na wewe benchi moja, na sasa Jumapili anakaa nyumbani kwa ajili ya uongo wangu.

Lakini chakula analeta. Kila Jumapili anabonyeza kengele mara moja, anaweka bakuli mlangoni, anapanda zake. Nakula sombe yake, kisamvu cha kwao, nimesimama, kama mwizi. Mabakuli nayaosha na kuyapanga. Yamefika sita. Ulinifundisha chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata kama ni limau moja utie ndani. Nami sina cha kutia. Nitatia nini, Mama? Nikiweka matunda nitakuwa namlipa anyamaze.

Nilijaribu kutengeneza shada. Nilinunua waridi nikayatia kwenye ovena, moto mdogo, nikasimama mbele ya kioo chake kama mtu anayeoka keki. Yalikuwa ya kahawia ndani ya saa moja, na nyumba ikanuka chai iliyoungua. Nikanunua dukani yaliyokwisha kaushwa. Yalikuwa yamepakwa rangi ya buluu. Niliyaweka kwenye chungu chako na nikaona aibu kwa niaba ya chungu.

Halafu nikafanya jambo ambalo sitaki mtu mwingine alijue. Niliingia stoo, nikafunga mlango, nikakaa chini gizani nimevivaa vile vimpira mkononi. Nilikaa muda mrefu. Nilikuwa nangoja, sijui nini. Uliniambia giza linatunza rangi. Mama, halitunzi. Linatunza kilichokwisha fungwa tu. Mimi hujanifunga, umeondoka mapema, nami najisikia naanguka bua moja moja na hakuna aliye chini.

Leo asubuhi nilivaa viatu vyako nikashuka ziwani. Theluji inafika kwenye vifundo vya miguu. Kule ufukweni, nje ya matete, kuna yale magugu marefu ambayo hukuwahi kuyachuma. Uliyapita ukisema, "Haya hayakumsubiri mtu, yamejikausha yenyewe." Nikayakata kwa kisu cha jikoni. Vidole vilikufa ganzi nikaendelea kukata. Nikarudi, nikatandaza magazeti, nikachukua kimpira chako. Kikakatika. Cha pili kikakatika. Cha tatu nilikinyoosha polepole, nikipumua kwa mdomo, na kimeshika.

Ni baya, Mama. Ni la kahawia tupu, limeinama upande mmoja, na nadhani nimejaza sana. Lakini limefungwa.

Nilipokuwa nalitazama kengele ikalia, mara moja. Nilisimama nyuma ya mlango. Nilimsikia anahema, anaweka bakuli, anangoja kidogo. Leo alingoja. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitasa na sikukigeuza. Kisha nikasikia miguu yake kwenye ngazi, magoti yanayomsumbua, hatua, anapumzika, hatua.

Basi nimekaa nikakuandikia, kwa sababu nilihitaji kulisema hili kwa mtu mmoja kwanza, na mtu wangu wa kwanza siku zote ulikuwa wewe.

Shada nimelisimamisha ndani ya bakuli la juu kabisa la yale sita. Halitakwenda dirishani. Nitapanda nalo hadi ghorofa ya tatu. Sijui kama atafungua. Akifungua, nitamwambia alichokwisha kujua, na Jumapili ijayo nitasimama mbele ya wale akina mama, niseme kwa jina langu: ni mimi niliyesema yatupwe, aliniuliza mara mbili. Nao wataniona nilivyo. Akitaka kukaa nami benchi moja, atakaa. Asipotaka, nitakaa peke yangu, ni haki yake.

Wenye kijishamba ulichokodi wamenikubalia nikichukue. Mwezi wa saba nitakuwa kule, na sitamwomba mtu anisubiri.

Kaa salama huko ulipo, Mama. Nisamehe ile Jumamosi. Nisamehe zote tatu.

Viatu vyako bado vimelowa, navivaa hivyohivyo. Mabakuli yako mkononi mwangu. Sisemi wiki ijayo. Naenda sasa, wali aliouleta leo haujapoa.

Mwanao,
Upendo