Plagi ya Msumeno wa Baba

Nyumbani, mlangoni pa stoo,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Hujambo? Mkeo hajambo, na huyo mjukuu anayejiandaa kutoka tumboni? Huku goti la Mama limetulia. Mimi bado naenda zamu hospitali, miguu inavimba, lakini nashukuru. Baba mzima, na leo neno hilo naliandika nikilimaanisha.

Ule msumeno wa mezani uliotuma ulifika salama. Baba aliufunga kwa boliti juu ya meza ya stoo, kati ya magunia ya mkaa na baiskeli yako kuukuu. Akigeuka tu, kiwiko kinagonga ukuta. Kifuniko cha kukinga meno alikitoa siku ya kwanza, eti kinamziba asione mstari wa penseli. Nikimsemesha, ananiambia alianza kupasua mbao kabla hajamjua hata Mama. Haya, ongea naye wewe!

Sasa nikupe la Jumanne. Mama alitaka nikufiche, mimi siwezi.

Unajua soketi ya upande ule ni moja tu, ya koridoni. Nilikuwa nimechelewa zamu na sare haijanyooshwa. Nikachomoa plagi ya msumeno, nikachomeka pasi. Baba akaingia stoo, akabonyeza swichi, kimya. Akajua umeme umekatika. Swichi akaiacha vilevile, akaona hiyo ndiyo nafasi ya kutoa kipande kilichokwama kwenye meno.

Nilipomaliza, nikairudisha plagi ya msumeno pale pale nilipoitoa. Si ndivyo Mama alivyotulea, ukitoa kitu cha mtu ukirudishe?

Mdogo wangu, mashine ikanguruma, na Baba akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Nilichomoa nikakimbia. Nilimkuta kaegemea ukuta, mkono kaukumbatia kifuani, shati limeliwa hadi kiwikoni. Nikamfungua ngumi kidole kimoja kimoja, nikihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Vitano. Kidole gumba kimeshonwa nyuzi nne.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Na mimi sikuzima." Afadhali angenitukana! Tangu siku hiyo nikishika pasi, kwanza naenda kuchungulia stoo.

Leo karudi stoo, na bandeji yake. Anakitengeneza kitanda cha mwanao, kimebaki ubavu mmoja, na hasikii la mtu. Nimemwekea masharti: kifuniko kimerudi, magunia yametolewa nje, kavaa miwani na shati la mikono mifupi, mbao ataisukuma kwa kijiti. Na plagi ninayo mimi. Nimekaa kizingitini nimeipakata, nakuandikia huku namtazama. Haichomekwi mpaka aniambie kazima, nami nione kwa macho yangu.

Mpigie simu, tafadhali. Mwambie mwanao anaweza kulala nawe hata mwezi mzima, ila babu yake anamtaka na mikono yote miwili. Wewe atakusikia.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula. Msalimie mkeo, umwambie asiinue vitu vizito. Mungu awafunike nyote huko mliko, na amfunike na huyu mbishi wetu.

Ananiita, anataka umeme. Swichi nimeikagua mara mbili, imezimwa, na bado mkono wangu hautaki kwenda.

Dada yako akupendaye,
mshika plagi.