Uzi wa Pamba ya Mama

Ban Huai Mai,
Msimu wa kuchuma longani

Kwa Kaka yangu mpenzi Bunyuen,

Pokea salamu zangu nyingi, nyingi kama longani zilizoinamisha matawi mwaka huu. U hali gani, Kaka? Unakula? Unalala? Najua watu huuliza hivyo kwa mazoea tu, lakini mimi nauliza kwa kuwa nataka jibu. Sisi huku ni wazima. Yule kuku mweusi uliyetuletea siku ya harusi ameshaanza kuatamia, na ni mkali kama askari wa mpakani.

Kaka, ndoa ni tamu! Wangeniambia mapema nisingepoteza miaka yote ile kukariri hesabu sekondari. Inpan akirudi shambani huniletea longani kwenye kofia yake, akazimenya na kunilisha moja moja kama kifaranga. Hata akikoroma mimi naona anaimba. Jirani yetu Bibi Khamnoi alituona tukilishana akasema, “We mtoto, mume wa mwezi wa kwanza ni asali. Subiri mwezi wa pili uwaone nyuki.” Nikamjibu kwamba mimi nakula asali na nta yake pia. Alicheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni.

Lakini nyuki walikuja, Kaka, na hayo ndiyo ninayotaka kukueleza.

Kwanza ilikuwa foili. Unajua nafungia foili, ile karatasi ya bati, samaki wa kuchoma ninaouza sokoni. Nikaanza kukuta imechanwa vipande vyembamba ambavyo sikuchana mimi, kisha bunda zima likatoweka jikoni. Nikamuuliza Inpan. Akasema labda ni panya. Panya gani anakula foili na kuacha samaki?

Halafu akaanza kutoka kila baada ya chakula cha mchana, akisema anakwenda kufungulia maji shambani. Mimi nikamsifu kwa Bibi Khamnoi jinsi nilivyopata mume mchapakazi. Bibi akanitazama, akaniambia mfereji umefungwa ili usafishwe, hauna tone. “Maji gani hayo, mwanangu? Au anamwagilia kwa machozi?” Nilicheka naye, lakini moyoni kuliingia mdudu.

Baadaye nikafua shati lake. Lilikuwa na ile harufu, Kaka, tamu kama peremende iliyoungua. Mimi na wewe tunaijua tangu utotoni, kutoka nyumba ya yule jirani aliyeuza vitu vyake vyote hadi mlango wa choo ili anunue dawa ya wazimu, vile vidonge vya kulevya vinavyochomwa juu ya foili na kuvutwa moshi. Nililirudisha shati ndani ya maji nikalifua tena, kana kwamba kosa lilikuwa la shati.

Tangu hapo nikawa mpelelezi ndani ya nyumba yangu. Nilimwambia Inpan anitazame machoni, akatabasamu akidhani ni mapenzi, kumbe mimi napima ukubwa wa mboni zake. Nilimkumbatia mlangoni kila alipoingia. Bibi Khamnoi akasema, “Hawa wamegandana kama wali wa kunata!” Hakujua kwamba nilikuwa nanusa.

Kilichonivunja kabisa ni uzi. Unakumbuka harusini wageni walitufunga nyuzi nyeupe mikononi, lakini wewe, uliyesimama mahali pa marehemu Baba, ulitufunga ule wa kahawia, pamba aliyoisokota Mama mwenyewe. Ulisema roho zetu zisitangetange, zikae nyumbani. Tuliapa kutoukata mpaka uchakae wenyewe. Basi siku moja Inpan anaosha mikono, namtazama, mkono mtupu! Nikamuuliza uzi uko wapi. Akasema umedondoka. Mume wangu hajui kusema uongo, masikio yake huwa mekundu kama pilipili. Nikawaza, ama ameuuza moyo wake kwa vidonge, ama amemfunga mwanamke mwingine kwa uzi wa mama yangu.

Mchana uliofuata nilifunga biashara mapema nikamfuata kwa baiskeli. Aliingia kwenye banda la tanuri la kukaushia longani, nami nikaingia nyuma yake. Alikuwa amepiga magoti. Mbele yake kulikuwa na bunda langu la foili, kiberiti cha gesi, na kimfuko cha plastiki cha bluu.

Kaka, sikujua kwamba nina sauti kubwa vile. Nikamwambia, “Kumbe huyu ndiye panya!” Akaruka. Akasema si vyake. Nikamuuliza ni vya nani. Akasema amemwahidi mtu kwamba hatasema. Nikamwambia wote husema hivyo, hata jirani yetu alisema mlango wa choo umechukuliwa na upepo. Hakucheka. Alikitupa kimfuko ndani ya moto wa tanuri mbele ya macho yangu, akanivuta nje tusivute moshi ule, akaniketisha juu ya makreti, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Kabla hajanijua, yeye mwenyewe alikuwa mtumwa wa vidonge hivyo. Alikwenda kwenye lile hekalu la milimani ambako mtu huweka nadhiri ya kuacha vidonge, akanyweshwa dawa chungu ya miti, akatapika mpaka akadhani anatapika jina lake. “Nadhiri ile huwekwa mara moja tu maishani, Bua,” akaniambia. “Ukiivunja, hawakupokei tena. Mimi siwezi kuivunja. Sina nyingine.”

Sikumwamini. Nakiri, nilimpa mgongo. Chakula nilimpa, neno sikumpa, na longani alizonimenyea zilikauka kwenye sahani.

Kisha ukaja wewe Jumapili na fenesi begani. Nilifurahi mno! Lakini umekonda, Kaka, na ulivaa mikono mirefu katika joto lile. Ulitutania kwamba tumenuniana kama wazee wa kesi, na wali hukuugusa. Ulikwenda jikoni kutafuta chumvi na ulichelewa kuliko mtu anayetafuta chumvi. Ulipotaka kunawa utomvu wa fenesi nilikushikia kata ya maji, ukasahau, ukapandisha mkono wa shati.

Niliuona. Uzi wa kahawia. Kijijini hapa pamba ile tulikuwa nayo mimi na Inpan tu.

Nilikumiminia maji polepole, nikakuangalia unavyokausha mikono, nikacheka utani wako. Ulipojilaza ukumbini kusubiri jua lipungue, niliingia jikoni. Foili mpya ilikuwa imechanwa vipande vyembamba.

Nikamkimbilia Inpan kwenye tanuri, nikaushika mkono wake mtupu nikalia. Safari hii mimi ndiye niliyelitaja jina lako, yeye akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema alikuwa akikusubiri pale kila mchana akuombe uache, na wewe ukimlilia begani, ndiyo maana shati lilinuka. Foili aliificha ili usiione, na kimfuko kile alikuwa amekunyang'anya. Uzi alikufunga kwa sababu roho yako imepotelea kwenye barabara ya kusini, unakoendesha lori usiku kucha kwa nguvu ya vidonge, na hakuwa na kamba nyingine imara kuliko hiyo. Nilipomuuliza kwa nini anateseka hivyo kwa ajili yako, akanieleza nani alimpeleka hekaluni zamani zile. Ulimpakia kwenye lori lako juu ya matunda, Kaka. Ulimshikia ndoo, ukamsugua mgongo. Hukuwahi kujisifu kwa hilo hata siku moja.

Sasa nami nakiri niliyoyafanya. Ufunguo wa lori unaoutafuta niliutoa mfukoni mwako ulipokuwa umelala ukumbini. Umo kwenye kapu langu la mchele. Tajiri wako nimemwambia una homa ya mbu na usafiri huwezi, akampa lori dereva mwingine kwa ufunguo wa akiba. Kasirika. Mdogo wako nimekuzoea hata ukikasirika.

Nilikwenda pia hekaluni kuomba niweke nadhiri badala yako. Mtawa mkuu aliniambia kwa upole kwamba hakuna anayeweza kumtapikia mwenzake. Akaniambia pia usije kwa kunifurahisha mimi, maana nadhiri ni moja.

Lakini ujue dawa ile haikukula wewe peke yako. Inpan hana kosa, ninajua, na hata leo alfajiri nilimkumbatia nikanusa. Alijua ninachofanya. Alisimama mpaka nikamaliza.

Aliyekuletea barua hii ni yeye. Yuko nje kwenye pikipiki. Amebeba wali na samaki wako, vyote nimevifunga kwa jani la mgomba, foili sinunui tena. Kama hujawa tayari, mwambie ukweli, atakuachia chakula na kurudi, wala hatakulaumu. Kama uko tayari kwenda hekaluni, panda nyuma yake, mpite hapa kwanza. Kipande cha mwisho cha uzi wa Mama nilikiweka kwa ajili ya mtoto wetu wa kwanza, lakini mtoto atasubiri. Uzi ule ulio nao ni wa mume wangu. Nataka umrudishie, nikufunge wako.

Bibi Khamnoi anakusalimu, anauliza utaoa lini. Kuku naye anakusalimu kwa ukali wake.

Mimi nimekaa ngazini nakusikiliza. Pikipiki ya Inpan ikipanda kilima naijua mlio wake akiwa peke yake, na naijua ikiwa imebeba wawili.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Buachan