Mteremko wa Kutoka Sorong

Jumanne, 4 Juni
Nimekama ng'ombe. Baridi, ukungu mpaka mlangoni. Tumpe, kitinda mimba wetu, ametuma tiketi kwa simu. Yuko Indonesia kwa mafunzo ya kakao. Ijumaa anaruka kutoka Sorong kwenda Manado, viwanja viwili vya ndege vya visiwani huko mbali. Jumapili anarudi. Kwa saa za kuondoka na kufika kwenye tiketi: kwenda, nusu saa. Kurudi, saa mbili na nusu. Njia ileile!

Mama Tumpe ndiye aliyeona. Kamwandikia binti asipande mpaka baba yake atoe maelezo. Asipopanda, mafunzo ya Manado yamempita. Na yule humtii mama yake.

Maelezo nitatoa. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja.

Jumatano, 5 Juni
Nimepima kwa uzi kwenye atlasi. Kilomita kama mia saba na hamsini. Nusu saa haiwezekani. Nimepima tena. Uzi uleule, jibu lilelile. Nimeingiwa na hofu.

Saa tisa nikapata jibu. Mteremko! Gari likitoka Tukuyu kushuka Kyela linateleza tu. Kurudi, linakoroma njia nzima. Basi Sorong iko juu, Manado iko bondeni. Nimelitangaza jioni kwenye ibada ya jumuiya. Akina mama waliitikia kwa vichwa. Nilijisikia vizuri mno.

Mama Tumpe hakuitikia. Njiani akaniuliza, “Baba Tumpe, ndege nayo inapita barabarani?”

Alhamisi, 6 Juni
Nimefungua atlasi kabla ya chai. Viwanja vyote viwili viko pwani. Kijani kitupu, rangi ya nchi tambarare. Aibu.

Tumpe ameandika mara tatu: “Baba, nipande nisipande?” Sijajibu. Nimechukua suruali ambayo haijachanika nikaenda sokoni Tukuyu kwa Salumu, fundi cherehani. Nilimfundisha darasa la sita. Hakuwa mwerevu. Nilimwonyesha tiketi kama mzaha.

Hata mguu hakuutoa kwenye cherehani. “Shikamoo mwalimu. Si saa za huko zinapishana? Manado iko magharibi, iko nyuma kwa saa moja. Ni saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Kwa swali hili ulinipigisha magoti, mwalimu. Sijalisahau.”

Saa moja kwa kila digrii kumi na tano. Nililiandika ubaoni kila mwaka. Natamani ardhi inimeze.

Nimemwandikia Tumpe: Panda. Mama Tumpe nimemweleza kana kwamba nimegundua mwenyewe. Salumu sikumtaja. Mimi ni mtu mbaya.

Ijumaa, 7 Juni
Amefika salama. Saa moja na nusu hewani. Mama Tumpe ameimba akimenya ndizi. Kanisifu mbele ya jirani. Nimekwenda kumpa ng'ombe maganda.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada nilisimama, nikawaambia akina mama kwamba mteremko haupo, na aliyejua ni Salumu. Walicheka mpaka mchungaji akarudi kuangalia kuna nini.

Nimepita kwa Salumu. Nimemwandikia karatasi: jiografia, kumi kwa kumi. Nikatia sahihi, na tarehe. Aliisoma polepole, akaibandika ukutani juu ya cherehani. Suruali kanirudishia. Haikuwa na cha kushona.

Mchana Tumpe akapiga simu, amesharudi Sorong, saa moja na nusu vilevile. Mama Tumpe aliangalia saa ya ukutani, akanimiminia chai.

“Kumbe mlima wenyewe mfupi,” akasema.

Nimekunywa. Ilikuwa ya moto.