Mama na Maji ya Alhambra

Shikamoo Bibi yangu mpenzi,

Leo tumetembelea kasri la Alhambra, hapa Granada. Maji yanapita bustanini kwenye mfereji wa mawe, kama falaji yetu ya Ibra, ule mfereji unaomwagilia mitende. Mama akakunja mikono ya nguo, akainama kutia udhu. Mlinzi akaja mbio akitikisa kidole. "Kwetu maji haya ni ya kila mtu, baba!" Mama akamwambia kwa Kiswahili. Mlinzi hakufahamu hata neno, lakini akacheka.

Najua ulikataa kuja kwa sababu ya magoti. Basi nikamwuliza mlinzi, kwa Kiingereza changu cha skuli, wasioweza kutembea hufanyaje, akanionyesha viti vya magurudumu vya wageni. Usiseme tena safari zako zimekwisha, Bibi. Nitakusukuma mimi mwenyewe, polepole.

Nakubusu mikono,
Mjukuu wako Salma