Tundu ya Milimita Kumi na Saba

Nyalenda, nyuma ya kioski ya maji ya Mama Debra,
Kisumu.
Alhamisi, 14 Agosti 2025.

Mpendwa ndugu yangu Ooko,

Omera, pokea salamu kutoka nyumbani. Natumai huko Ujerumani uko mzima, baridi haijakukata masikio, na ile mkate yao ngumu kama tofali umeizoea. Sisi hapa tuko, Mungu ametuweka. Lornah wangu bado anakaanga samaki pale barabarani. Mama yako, shangazi yangu Waya Aloo, goti inamsumbua lakini mdomo iko fiti kabisa. Jana amenigombeza mara tatu kabla ya chai, na yote ni juu ya ile bakuli.

Najua unashangaa mbona barua, kama enzi za babu. Omera, simu yako haishiki, na WhatsApp tiki ni moja tangu Julai. Nikajua nimefungiwa. Ndio nimempa Sheryl, dada yetu, anakuja huko kazi ya unesi. Sheryl huwezi mfungia. Atakaa mlangoni mpaka usome.

Ooko, nimeona video.

Adero, yule sekretari wa wavuvi wa Luanda Kotieno, ndiye alinionyesha. Uko na suti, nyuma yako skrini kubwa, na taa yangu imechorwa na ile programu yako ya lenzi, mistari ya mwanga imejaa rangi kama leso. Unaambia watu umeibuni mwenyewe kwa kompyuta, miezi saba ya hesabu. Mimi nilikuwa natabasamu tu, nikijua mwisho utasema jina langu. Video ikaisha. Nikamwambia Adero arudishe nyuma, labda nilikohoa wakati unanitaja.

Wacha nikukumbushe. Desemba ulikuja likizo, tukawa kwa Waya. Nilichukua bakuli yake ya stenlesi, ile ya kuku wa wageni, nifanye kioo ya taa ya kuvua omena. Wewe ukashika bakuli, mimi drili. Nikasema ile utani ya pasta wa kanisa na mbuzi, ukacheka mpaka bakuli ikahepa. Tundu ikatoka kando, si katikati. Ukasema, "Odongo, hiyo imeharibika, tupa kabla mama aone!"

Sikutupa. Nikafunga balbu pale pale kando, nikaweka kipande ya ndala chini ndio bakuli iiname, tukajaribu mchana ndani ya stoo ya nyavu, milango imefungwa. Mwanga ikaenda mbali upande mmoja, haikurudi kwa macho ya mtu. Oyugi mwenye boti alikuwa hapo, akasema, "Haki leo nimeona taa yenye adabu!" Ukapima na rula na protrakta. Tundu, milimita kumi na saba kutoka katikati. Ndala, digrii kumi na mbili.

Ukarudi huko, ukaanza kunipigia kila Jumapili. Kumbe hiyo programu inataka kila kioo na lenzi zikae mstari moja kama watoto wa paredi. Ukitaka moja isimame kando na iiname, lazima uiambie. Na picha yako ilikataa kufanana na taa, wiki baada ya wiki. Nikakuuliza, unasogeza kwanza ama unainamisha kwanza? Ukasema ni sawa tu. Mimi na darasa la sita yangu nikasimama katikati ya nyumba. Nikatembea hatua tatu, nikageuka, niko mlangoni. Nikarudi pale pale, nikageuka kwanza, nikatembea hatua tatu, nikakanyaga jiko ya Lornah. Alama ya kuungua iko mguuni mpaka leo. Wewe uliona kwa simu, ukapiga kelele, "Odongo, wewe ni profesa!" Ukabadilisha, picha ikakaa.

Sasa kwa video ile namba iko kwa skrini. Kumi na saba. Hakuna kompyuta imekupa hiyo. Hiyo ni kicheko yako ndani ya bakuli ya mama yako.

Suti vaa tu, hainiumi. Inaniuma huku nyumbani. Video imezunguka ufuo wote. Jumatatu nimefika Luanda Kotieno na taa nne, Oyugi huyo huyo akaniita, "Fundi Fotokopi!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, unanijua, siwezi wachia watu kicheko peke yao. Nikamuuliza, si ulikuwa ndani ya stoo? Akasema, "Nilikuwa. Lakini Ooko pia alikuwa, na yeye ndiye amesoma." Nilirudi na taa zote nne.

Jumamosi tarehe thelathini kikundi cha wavuvi kinakutana. Wataamua taa ya boti zote ni kazi ya nani, na nani atazitengeneza. Wewe ukinyamaza, mimi narudi kuziba sufuria, na kila taa ikiwaka pale ziwani itakuwa inasema Odongo ni mwizi.

Usitume kitu. Adero atakupigia saa nane mchana, sauti imefunguliwa watu wote wasikie. Sema tu tundu ilitoka wapi.

Kuna kitu ulinifundisha kwa hiyo programu na sijasahau. Ukishainamisha kioo moja, mbele yake unaandika namba ile ile na alama ya kutoa, ndio mstari urudi. Usiporudisha, kila kitu inafuata inainama nayo, hata ile haina makosa. Ooko, umeinamisha na haujarudisha. Lornah ameacha kukutaja akiombea chakula.

Kwa begi ya Sheryl, kati ya omena kavu, kuna ile bakuli. Ishike wakati Adero anapiga. Waya bado anauliza ni nani aliharibu, na tangu Desemba namwambia ni mimi peke yangu. Kosa yetu nimebeba bila wewe. Wewe ukabeba sifa bila mimi.

Waya anakusalimia sana, na Mama Debra wa maji. Lornah hajatuma salamu, lakini nimemweka. Mungu akulinde huko, na akupe usingizi mzuri kuanzia tarehe thelathini, si kabla.

Wako anayekupenda hata akiwa na hasira,
Odongo