Yai la Kuangua kwa Miguu

Kamembe, 9 Februari 2025

Mwanangu Umuhoza,

Huku nimeamka salama, miguu tu ndiyo inanung'unika. Wewe na hilo tumbo je? Mtoto anapiga teke?

Mchezo ulioniwekea kwenye simu nimeuzoea. Mwanzoni nilijicheka, mwanamke wa umri wangu kufukuza ndege wasiokuwepo. Sasa daktari anasema sukari imeshuka, na mimi kila asubuhi natembea mpaka sokoni ili yai la mchezo ulilonitumia lianguliwe kwa hatua zangu. Jana ndege wa bluu alitua kwenye robine ya maji, juu ya vidumu vya watu. Nikainua simu, nikampitishia kidole, nikamshika. Wanawake wa foleni wakavuta vidumu vyao kando, macho kwangu. Nadhani walinionea wivu.

Unga wa uji nimeanza kuutengeneza, mtama na soya. Ukijifungua nitakuja mwenyewe kukupikia, maziwa yatoke. Kazi hiyo simwachii mtu.

Maman yako, Thacienne

Kigali, 16 Februari

Maman mpendwa,

Sisi wazima, tumbo tu limekuwa zito. Byiringiro amecheka sana, anasema mama mkwe wake amekuwa mwindaji. Njoo na unga wako, nakungoja. Nimekutumia yai lingine.

Binti yako, Umuhoza

Kamembe, 20 Aprili

Mwanangu,

Natumaini wewe u mzima. Mimi mwili ni mzima, moyo hapana.

Mtoto wa jirani yangu Niyonsenga aliharisha, na watu wakakumbuka kidole changu juu ya vidumu. Jumapili kwenye ubatizo nilipeleka pombe ya ndizi. Nikaionja mbele yao, kama desturi, wajue haina sumu. Mukandori, mama mkwe wako, akaniangalia nikimeza, akasema: "Mulozi anaanzaka kunywa yeye mwenyewe. Huyu muntu analoga batoto na telefone." Wakaimwaga yote mlangoni.

Nikaona niwaonyeshe mchezo wenyewe. Nikawasha simu pale pale. Ndege akatokea, mweusi, ameketi kwenye mapaja ya Mukandori. Sikumaliza kueleza, nilitolewa nje kwa kushikwa mkono.

Mwambie mama mkwe wako kwamba wewe ndiwe uliyeniwekea. Neno lako moja linatosha.

Maman

Kigali, 3 Mei

Maman,

Pole sana. Nitamwambia, ila sasa si wakati wake. Yuko hapa kwetu, amekuja kumngoja mtoto. Usiache kutembea. Yai nimekutumia.

Umuhoza

Kamembe, 1 Juni

Umuhoza,

Hujambo? Nauliza kwa sababu sijui. Unga niliutuma na Donatien, yule dereva wa basi, na hujanijibu. Mayai yako yanafika kila asubuhi, habari hazifiki.

Leo kanisani Habimana, aliyerudi juzi kutoka huko Kigali, amenipa mkono wa pongezi, eti nimekuwa bibi. Nikamjibu asante, kama mtu aliyekuwa anajua. Ni msichana au mvulana?

Begi langu liko tayari.

Maman

Kigali, 8 Juni

Maman,

Ni msichana, anaitwa Isimbi. Ana afya.

Usikasirike. Unga ulifika. Mama mkwe alitaka kuku waonje kwanza. Kuku hawakufa, akasema sumu nyingine hukawia, akautupa. Mimi nilikuwa nimekaa hapo na mtoto.

Najua wewe si mulozi. Nani ajue kuliko mimi? Lakini nikisema mchezo niliuweka mimi, atasema tumefundishana, na Byiringiro ni mtoto wa mama yake. Mimi naishi hapa. Usije kwanza. Mtoto akikua tutaona.

Tembea, Maman, kwa ajili ya sukari. Nimekutumia yai zuri, la dhahabu.

Binti yako, Umuhoza

Kamembe, 10 Juni

Umuhoza,

Afya yako siulizi. Uko na mwenye kuonja.

Niyonsenga alikuja jana. Mtoto wake amepona, na daktari amemwambia ilikuwa minyoo. Aliniomba msamaha akiwa amesimama njiani, ndani hakuingia. Kiti nilichomwekea kimebaki pale uani.

Mayai yako yote nilikuwa nayapokea. Niliyabeba kwenye mvua, miguu imevimba, mpaka yakaanguliwa, na hata siku moja sikukuambia uonje kwanza. Nilisema ni mwanangu ametuma.

Hili la dhahabu limefika. Sikulifungua. Sijui limeshikwa na nani.

Thacienne